Kinanda Kinachosikia Uzito wa Kidole

Jumapili asubuhi, kuanzia Mwingi hadi Kibwezi, wapiga vinanda wa makanisani wana kilio kimoja. Mara kinanda kimefunika sauti za kwaya, mara kimefifia hata safu ya pili haikisikii. Anayesimamia spika hupandisha na kushusha sauti, lakini wapi! Huenda spika hazina hatia. Ndani ya kinanda kuna mpangilio mmoja ambao wengi hawajaugusa tangu siku kilipotolewa kwenye katoni.

Vinanda vingi vya umeme hupima kasi ya kidole. Chini ya kila kitufe kuna swichi mbili za mpira. Kitufe kikishuka, ya kwanza hugusa kabla ya ya pili, na kompyuta ya ndani huhesabu muda uliopita katikati. Muda ukiwa mfupi, sauti huwa kubwa. Ukirefuka, sauti hulainika. Kwa MIDI, lugha ya mawasiliano ya vyombo vya muziki vya umeme iliyoanza mwaka 1983, kasi hiyo huandikwa kwa namba kutoka 1 hadi 127.

Chukua mfano wa Yamaha PSR-E373, chenye vitufe 61. Mpangilio wenyewe ni wa mguso, unaoamua kasi ya kidole izae sauti kubwa kiasi gani, na una machaguo manne: Soft, Medium ya katikati, Hard na Fixed.

Majina haya huwapoteza watu. Kwaya ikilalamika kwamba kinanda kina kelele, mpigaji huchagua Soft akitumaini kitatulia, kumbe amezidisha balaa: Soft hutoa sauti kubwa hata kidole kikipapasa tu. Imewekwa kwa ajili ya mwenye mkono mwepesi, kama mtoto anayejifunza. Hard humtaka mtu apige kwa nguvu ndipo sauti ipande, kwa hiyo humfaa mwenye mkono mzito. Kijana aliyezoea kupiga ngoma ya kilumi kabla ya kukalia kinanda aanze na hiyo. Fixed haijali mkono wowote. Kila noti hutoka sawa. Huenda ikafaa pambio la kuchezesha watu, lakini wimbo wa toba utasikika kama honi ya matatu.

Namna ya kujipima ni rahisi. Zima midundo, chagua sauti ya piano, kisha piga ubeti mmoja wa wimbo unaoujua kwa mkono wa kawaida. Rudia polepole kabisa, halafu kwa nguvu. Ukishindwa kunong'ona, sogea upande wa Hard; ukilazimika kugonga ndipo usikike, rudi upande wa Soft. Usijipime kwa sauti ya ogani, kwani hata ogani halisi ya mabomba haiongezi sauti kwa kupigwa kwa nguvu.

Kitufe kimoja kikipayuka peke yake huku jirani zake wametulia, mpangilio hautasaidia. Yaelekea vumbi limeingia kwenye swichi, na vumbi la Kitui wakati wa kiangazi halihitaji mwaliko. Hapo ni kazi ya fundi, na baada ya ibada, kinanda kifunikwe leso.