KIFAA CHA KUSIKIA SI CHA KUFUNGIA SANDUKUNI

Huenda katika kijiji chako yupo mtu asiyesikia vizuri. Huenda ni babu, jirani au mtoto wa shule. Huenda ni wewe mwenyewe. Baadhi ya watu hao wamepata kifaa cha kusaidia kusikia, ambacho wengine hukiita shimesikio. Kifaa hiki huvaliwa sikioni. Hupokea sauti, huikuza, na huipeleka ndani ya sikio.

Wapo wenye kifaa hiki ambao hukivaa nyumbani tu. Wakienda shambani, malishoni, mnadani au ngomani, hukivua na kukifungia sandukuni. Husema, "Vumbi litakiharibu. Jasho litaingia. Mvua itakinyeshea." Hofu hiyo ina sababu, kwa kuwa kifaa ni ghali.

Lakini hebu fikiri. Sisi wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega tunaishi zaidi nje kuliko ndani. Pamba inalimwa nje. Ng'ombe wanachungwa nje. Mkutano wa kijiji unafanyika chini ya mti. Mwano ukipigwa usiku, unapigwa nje. Kifaa kisipovaliwa nje, kitatusaidia nini? Mtu asiyesikia mwano, au honi ya gari nyuma yake, yumo hatarini. Na mtu asiyesikia mazungumzo ya wenzake hukaa peke yake hata akiwa kati ya watu.

Basi dawa si kukificha kifaa. Dawa ni kujua namna ya kukitunza.

VUMBI

Wakati wa kiangazi vumbi ni jingi, hasa tunapopura mtama au kupitisha mifugo njiani. Vumbi huziba tundu dogo linalopokea sauti. Kila jioni futa kifaa kwa kitambaa laini kikavu. Usitumie maji, mafuta wala spiriti. Kile kipande kinachoingia sikioni, kama kinaweza kutenganishwa na kifaa, kioshe peke yake kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Kikaushe kabisa kabla ya kukirudisha.

Siku ya kupulizia pamba dawa ya wadudu, usishike kifaa kwa mikono yenye dawa. Nawa kwanza kwa sabuni.

JASHO NA MVUA

Unapolima juani jasho hutiririka nyuma ya sikio. Pumzika, futa sikio, futa na kifaa. Kitambaa au kofia nyepesi husaidia kuzuia jasho. Lakini kofia isibane sikio, maana kifaa kitapiga mluzi.

Tafuta kopo dogo lenye mfuniko unaobana. Ndani yake weka kile kipakiti cha kukausha unyevu kinachopatikana ndani ya boksi la viatu vipya. Usikipasue. Wingu likitanda ukiwa shambani, vua kifaa, kifute, kiweke ndani ya kopo. Usiku nacho kilale humo, mlango wa betri ukiwa wazi. Kopo lenyewe lisiachwe juani wala karibu na moto.

Unapooga, unapoogelea au unapovua samaki ziwani kule Busega, vua kifaa. Kikidondoka majini, toa betri, kifute na kukiacha kikauke kivulini. Usikianike kwenye jiko. Kisha kipeleke kwa mtaalamu.

BARABARANI

Ukiendesha baiskeli, upepo hupiga kifaa na kutoa mvumo. Sauti nyingine zinamezwa. Tena, mwenye kifaa sikio moja tu hupata shida kujua sauti inatoka upande gani. Kwa hiyo usitegemee sikio peke yake. Funga kioo kwenye usukani wa baiskeli. Kabla ya kukata kona au kuvuka lami, simama, tazama nyuma na mbele.

Mtoto mchungaji mwenye kifaa asiende malishoni peke yake. Aende na mwenzake, na wakubaliane ishara za mikono: "njoo", "simama", "hatari". Kifaa chake kifungwe kwa uzi mwembamba na kubanwa kwenye ukosi wa shati. Hapo kikichomoka anapokimbia, hakitapotea majanini.

NGOMANI

Baada ya mavuno, Bagika na Bagalu hushindana, na watu hujaa uwanjani. Mwenye kifaa asibaki nyumbani. Lakini ngoma na vipaza sauti vina kishindo, na kifaa hukuza kishindo hicho. Punguza sauti ya kifaa kama kina kitufe chake. Simama mbali na vipaza sauti. Sikio likianza kuuma au kuvuma, ondoka upumzike. Fanya vivyo hivyo karibu na trekta au mashine ya kupukuchua mahindi.

BETRI NA WATOTO

Vifaa vingi hutumia betri ndogo kama kifungo cha shati. Baadhi ya betri hizo zina karatasi ya kunata. Ukiibandua, ngoja kidogo hewa iingie, ndipo uiweke. Beba betri ya akiba uendapo mbali.

Angalia sana! Mtoto akimeza betri hiyo, inaweza kuunguza koo lake kwa muda wa saa mbili tu. Usingoje uone dalili. Mkimbize hospitali mara moja.

WEWE UNAYESIKIA

Kifaa hakirudishi sikio kuwa kama zamani. Husaidia zaidi msemaji akiwa karibu. Kwa hiyo usimwite mwenzako kutoka upande wa pili wa shamba, kisha ukasema amekudharau. Msogelee. Mguse bega. Simama mahali anapoona uso wako. Sema polepole, bila kupayuka, kwa maana makelele huvuruga maneno. Kwenye mkutano mpeni nafasi mbele, karibu na msemaji. Na msimcheke.

Kutosikia vizuri si laana wala aibu. Huletwa na uzee, kelele nyingi, homa ya uti wa mgongo, masikio yanayotoka usaha bila kutibiwa, na sababu nyingine. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba watu zaidi ya bilioni 1.5 duniani wana upungufu wa kusikia. Wewe si wa kwanza, wala hutakuwa wa mwisho.

WAPI PA KUANZIA

Kama husikii vizuri, usinunue kifaa cha kubahatisha mnadani. Usitie mafuta wala majani sikioni. Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, upimwe. Pengine ni nta au usaha tu, na unaweza kutibiwa. Ikihitajika utaelekezwa hospitali kubwa zaidi. Katika Kanda ya Ziwa, Hospitali ya Bugando mjini Mwanza ina wataalamu wa masikio.

Na wewe ambaye tayari unacho kifaa, kitoe sandukuni leo. Kifute, kivae, utoke nje. Jembe lililofungiwa stoo halilimi, na kifaa kilichofungiwa sandukuni hakisikii.