Je, Wajua? Bastola Iliyopozwa kwa Maji
Bastola ya M1911, kazi ya Mmarekani John Moses Browning, ilipokewa rasmi na jeshi la nchi yake Machi 29, 1911. Bastola za risasi ndogo zilikuwa zimeshindwa kuwasimamisha wapiganaji wa Kimoro huko Ufilipino, ndipo jeshi likataka risasi nene, ya takriban milimita 11.4. Majaribio yalikuwa ya kikatili: ilifyatua risasi 6,000 bila kukwama hata mara moja, na ilipochemka ilichovywa majini, kazi ikaendelea. Kila risasi inapotoka, msukumo wake hurudisha nyuma sehemu ya juu, ganda likatupwa nje na risasi mpya kuingia. Magazini hubeba 7. Mpini usiposhikwa barabara, haifyatuki. Beretta M9 ilichaguliwa kuirithi mwaka 1985.