Taa za Breki Zisipowaka: Namna ya Kutafuta Kosa kwa Akili

Miongoni mwa taa zote za motokari, zipo ambazo hazimwangazii mwendeshaji hata kidogo, nazo ni taa nyekundu za breki. Haoni njia kwa nuru yake, wala hazimwonyeshi shimo. Zimewekwa kwa ajili ya jirani yake tu, yule ajaye nyuma, apate kujua mara moja ya kuwa gari la mbele linapunguza mwendo. Ndiyo sababu zikizimika, mara nyingi mwenye gari huwa wa mwisho kupata habari.

Tupige hesabu kidogo. Gari liendalo kilometa 80 kwa saa hupita meta 22 katika sekunde moja. Ajaye nyuma asipoona taa nyekundu, itambidi akisie kwa macho tu kwamba nafasi inapungua. Akichelewa sekunde moja, meta 22 zimekwisha. Katika mitelemko ya Ngomo, kati ya Bukavu na Kamanyola, ambako malori yenye mizigo hufuatana penye kona kali, meta hizo ni uhai au mauti. Huko Marekani, motokari ndogo mpya ziliamriwa, tangu zile za mwaka 1986, ziwe na taa ya tatu ya breki, katikati na juu ya zile mbili. Na serikali ilipochunguza baadaye iliona kwamba taa hiyo moja imepunguza ajali za kugongwa kwa nyuma kwa asilimia 4 hivi. Ikiwa taa moja ya kuongezea yafaa hivyo, sembuse zile mbili za kwanza zikikosekana kabisa!

Basi twataka kuwaonyesha wasomaji wetu, na hasa wanafunzi wapendao ufundi, jinsi kosa la namna hii linavyotafutwa. Si kazi ya uganga. Ni kazi ya kuuliza maswali kwa utaratibu.

Njia ya umeme

Umeme hufanya kazi pale tu unapopata njia ya kwenda na njia ya kurudi. Katika gari, safari huanzia kwenye betri ya volti 12, upande wa chanya. Kutoka hapo hupita katika fyuzi, ndiyo mlinzi wa njia, halafu huingia katika swichi iliyofungwa karibu na kikanyagio cha breki. Kikikanyagwa, swichi huunganisha nyaya mbili, na umeme huendelea hadi nyuma ya gari. Huko njia hugawanyika: tawi moja huenda taa ya kulia, tawi la pili taa ya kushoto. Ukisha kupita katika uzi mwembamba wa globu, hurudi kwenye betri kwa njia ya bodi ya gari, yaani chuma chenyewe. Njia hiyo ya kurudi, mafundi wetu wa Kongo huiita masi, kwa kufuata Kifaransa.

Swichi hii ina ajabu moja. Swichi ya kengele ya mlangoni huwasha inapobonyezwa. Hii ya breki, katika magari mengi, huwasha inapoachiliwa. Ina kichwa kidogo chenye kamani. Mguu usipokuwapo, mkono wa kikanyagio hukisukuma kichwa hicho ndani, na umeme hukatika. Mguu ukikanyaga, mkono husogea mbali, kamani hukitoa kichwa nje, na vipande viwili vya chuma ndani hugusana. Katika magari ya zamani, kama Volkswagen zile za mgongo wa kobe, swichi ilikuwa kwenye pampu ya breki, ikiwashwa na nguvu ya mafuta yaliyosukumwa.

Swali la kwanza: moja au zote?

Kabla ya kushika bisibisi, tuweke mawe penye magurudumu, gari lisiserereke. Kisha mtu mmoja akanyage breki, na mwingine asimame kando akitazama nyuma. Je, taa moja ndiyo isiyowaka, au zote?

Jibu la swali hili hupunguza kazi kwa nusu. Ikiwa ya kulia yawaka na ya kushoto haiwaki, basi betri, fyuzi na swichi ni nzima, kwa maana taa ile nzima yapata umeme kwa njia hiyo hiyo. Kosa liko katika tawi la kushoto peke yake: globu, kikombe chake, waya wake, au masi yake. Anayekimbilia dukani kununua swichi mpya kwa kosa la namna hii ametupa fedha za watoto wake.

Lakini zote zikiwa giza, tutazame sehemu ile ambayo taa zote huishiriki: fyuzi, swichi, na waya kabla ya njia panda. Hata hivyo tusisahau globu zenyewe. Pengine ya kwanza ilikufa miezi iliyopita pasipo mtu kujua, na jana ya pili imeifuata.

Globu tuitoe tuitazame kwenye nuru. Uzi uliokatika waonekana, na mara nyingi kioo kimekuwa cheusi. Tuangalie pia ya kuwa magari mengi yana globu yenye nyuzi mbili: mmoja wa wati 5 kwa taa ya usiku, na mmoja wa wati 21 kwa breki. Uzi mmoja waweza kufa na wa pili ukaishi. Kwa hiyo mtu asiseme, “Taa yangu ni nzima, jana usiku iliwaka.”

Fyuzi na shoti

Sasa tuchukue taa ya kupimia: globu ndogo yenye waya mmoja wa kubana kwenye chuma cha gari, na ncha kali ya kugusia. Tuguse upande wa kwanza wa fyuzi, kisha upande wa pili, ufunguo ukiwa umewashwa kama gari lataka hivyo. Ikiwaka pande zote mbili, fyuzi ni nzima. Ikiwaka upande mmoja tu, imeungua.

Fyuzi iliyoungua ibadilishwe kwa nyingine ya ampea zile zile. Kufunga kipande cha waya au karatasi ya fedha ya sigara mahali pake ni kumfukuza mlinzi na kumkaribisha moto. Ikiungua tena, ipo shoti, yaani umeme umepata njia ya mkato kwenye chuma kabla ya kufika kwenye globu. Na hapa breki yenyewe hutupa habari. Ikiungua hata kabla ya kukanyaga, kosa li kati ya fyuzi na swichi. Ikiungua pale tunapokanyaga, kosa li mbele ya swichi kuelekea nyuma. Tuchunguze hasa penye bawaba za mlango wa nyuma, ambapo nyaya hukunjwa kila siku hata ngozi yake ikachubuka.

Kuipima swichi

Fyuzi ikiwa nzima na taa zote zi giza, twende kwenye swichi. Katika swichi ya nyaya mbili, waya wa kwanza yapasa uwe na umeme daima. Taa ya kupimia isipowaka hapo, swichi haina hatia. Waya umekatika kabla yake. Ikiwaka, tuguse waya wa pili. Kikanyagio kikiwa huru isiwake, kikikanyagwa iwake. Ikikataa hapo, tuangalie kwanza kama kichwa cha swichi chatoka nje vema, maana pengine swichi haikufungwa sawasawa. Ikiwa kimetoka nje na bado hakuna umeme katika waya wa pili, imekufa. Na kama umeme wapita vema lakini taa za nyuma hazina kitu, tufuate waya uendao nyuma.

Magari ya siku hizi yana swichi za nyaya nne au zaidi, zipelekazo habari kwa kompyuta ya gari pia. Magari mengi ya gia za kujiendesha hukataa kutoka penye gia ya kuegeshea swichi hii ikifa. Kwa magari hayo tutumie mita na mchoro wa nyaya zake, wala tusiunganishe nyaya kwa kubahatisha.

Kosa la kujificha

Kuna kosa linalowashinda wengi. Taa zawaka, lakini kwa unyonge. Mita yaonyesha volti 12 penye waya, na fundi asema hakuna kosa. Amepima globu zikiwa zimetolewa! Umeme usipotembea, hata njia mbovu huonyesha volti zote.

Wanafunzi wataikumbuka kanuni aliyoitangaza Mjerumani Georg Simon Ohm mwaka 1827: volti ni ampea mara ukinzani. Taa mbili za wati 21 ni wati 42, nazo kwa volti 12 hutumia ampea 3.5. Vipande vya ndani ya swichi vikiingia kutu na kuleta ukinzani wa omu 1 tu, karibu volti 3 zapotea humo, na taa zapata 9 zilizosalia. Nguvu iliyopotea yageuka joto liyeyushalo plastiki ya swichi. Kwa hiyo tupime taa zikiwaka, ncha moja ya mita upande huu wa swichi na ya pili upande ule. Swichi njema haionyeshi hata nusu volti.

Masi mbovu nayo ina dalili zake: ukikanyaga breki, taa ya kugeukia nayo yamulika kwa mbali. Umeme umekosa njia ya kurudi, ukapita katika nyumba ya jirani. Dawa yake si taa mpya, ni kukwangua kutu na kukaza skrubu.

Taa zisizozimika

Mwisho, ziko taa zinazowaka daima. Mara nyingi kipande kidogo cha plastiki kwenye mkono wa kikanyagio kimevunjika, na kichwa cha swichi chatokea tunduni, kisizuiwe na kitu. Katika magari mengi taa za breki hazingoji ufunguo; betri ya ampea-saa 60 yaweza kumalizika katika saa 17 hivi, na asubuhi gari haliwaki. Lakini hasara kubwa ni nyingine: taa inayosema “nasimama” mchana kutwa haisadikiwi tena siku gari linaposimama kweli.

Basi, utaratibu ni huu: moja au zote, globu, fyuzi, swichi, waya, masi. Fundi mbaya hubadilisha vyombo mpaka fedha ya mwenye gari ikwishe. Fundi mwema huuliza, hupima, ndipo hufungua. Na sisi wenye magari, kila juma tuyarudishe karibu na ukuta jioni na kukanyaga breki. Wekundu ukitokea ukutani pande zote mbili, tumetimiza haki ya mtu tusiyemjua, ambaye kesho atakuwa nyuma yetu njiani pamoja na jamaa yake.