Limfoma ya Burkitt: kutoka mwinuko wa Kagera hadi kromosomu ya 8

Limfoma ya Burkitt ni saratani ya seli B, chembe nyeupe za damu ambazo kazi yake ni kutengeneza kingamwili. Afrika Mashariki huwapata zaidi watoto wenye miaka minne hadi tisa, wavulana kuliko wasichana, na mara nyingi huanzia tayani. Mama huona gego linacheza mdomoni mwa mtoto ambaye hajafika umri wa kung'oka magego. Wiki chache baadaye shavu limevimba, na jicho la upande uleule linaanza kusukumwa nje. Kwa kuwa dalili ya kwanza ni jino, si ajabu jino kung'olewa kwanza na uvimbe ukaendelea kama kawaida. Uvimbe huu ni miongoni mwa uvimbe unaokua kwa kasi zaidi mwilini mwa binadamu: seli zake zinaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Katika ugonjwa huu ramani ilitangulia maabara. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, aliueleza kwa mara ya kwanza mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu la Ford na kwenda zaidi ya kilomita 16,000, kutoka Kampala hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama imewahi kupokea watoto wenye mataya ya namna ile. Majibu yalifuata mwinuko wa nchi. Karibu na ikweta ugonjwa ulikoma kwenye mita 1,500 hivi, na nyanda za juu za Rwanda na Burundi karibu hazikuwa nao.

Wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, ziko pale ambapo mstari huo unapita. Ngara ni nchi ya vilima inayopakana na Rwanda na Burundi, na vilima vyake virefu vinapita mita 1,500. Biharamulo inashuka upande wa Ziwa Victoria, ambalo uso wake uko mita 1,134. Mpaka wa namna hii si ukuta, maana anayelala kilimani hulima bondeni, na mbu haulizi wilaya. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 ulikuta vimelea kwa takriban asilimia 15 ya watoto wadogo wa Kagera, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 7.

Malaria ndiyo iliyokuwa nyuma ya mstari. Zanzibar ilisaidia kulionyesha hilo: visiwa viko chini na vina joto, lakini Burkitt hakuukuta uvimbe huko, mahali ambapo malaria ilikuwa imedhibitiwa. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza kwamba wameona kirusi ndani ya seli za uvimbe uliotoka Uganda. Kirusi cha Epstein-Barr, hata hivyo, karibu kila mtu anacho. Kisingeweza kuwa jibu lote.

Hapo ndipo kazi ya jeni ilipoingia, na mtu wa kumtazama ni George Klein. Alizaliwa mwaka 1925, akakulia Budapest, akanusurika mauaji ya Wayahudi ya mwaka 1944, akahamia Sweden mwaka 1947, na miaka kumi baadaye akawa profesa wa biolojia ya uvimbe katika Taasisi ya Karolinska, Stockholm. Yeye na mkewe Eva, naye mtafiti, walipokea vipande vya uvimbe vilivyotumwa kwa ndege na Peter Clifford, daktari wa masikio, pua na koo jijini Nairobi. Kipande kikichelewa uwanja wa ndege, seli hufa. Utafiti mzima ulining'inia kwenye ratiba ya ndege. Mwaka 1972 Georgi Manolov na Yanka Manolova, mume na mke kutoka Bulgaria, waliona katika seli za uvimbe huu kwamba kromosomu ya 14 ina kipande cha ziada kwenye ncha. Mwaka 1976 Lore Zech na wenzake walionyesha kipande hicho kilikotoka: kromosomu ya 8.

Mwaka 1982 maabara za Marekani, zikiwemo za Carlo Croce na Philip Leder, na watafiti kama Riccardo Dalla-Favera, walikitambua kilichohamishwa. Ni jeni ya MYC, inayoiambia seli lini ikue na lini igawanyike. Kwa kawaida huwashwa kwa kipimo. Ikihamia kromosomu ya 14, inaangukia jirani na jeni za kingamwili, ambazo ndani ya seli B ni jiko lisilozimwa moto. MYC nayo haizimiki tena.

Malaria inaingiaje? Seli B zinapojifunza kupambana na vimelea hutumia kimeng'enya kiitwacho AID (hakihusiani na ukimwi) kuzibadili jeni za kingamwili, na katika kazi hiyo DNA hukatika. Malaria ya mara kwa mara huacha mkasi huo kazini muda mrefu, na mara mojamoja hukata pasipostahili. Mwaka 2015 kundi la Michel Nussenzweig, New York, lilionyesha hivyo kwa panya. Kirusi nacho huisaidia seli iliyoharibika isijiue, ingawa ingetakiwa kujiua.

Ushahidi wenye uzito zaidi kwa binadamu umetoka Afrika Mashariki yenyewe. Mradi wa EMBLEM, ulioongozwa na Sam Mbulaiteye, daktari Mganda aliye katika Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, uliandikisha watoto wa Uganda, magharibi mwa Kenya na kaskazini mwa Tanzania kati ya 2010 na 2016. Watoto waliorithi jeni moja tu ya selimundu, inayokinga dhidi ya malaria kali, walipata limfoma hii kwa kiwango kidogo zaidi. Mtu hachagui jeni kwa kuhamia kilimani, ndiyo maana matokeo haya yanazidi ramani kwa nguvu.

Mtoto wa Ngara au Biharamulo mwenye taya linalovimba hupewa rufaa ya kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza. Tangu Juni 2025 njia hiyo haisubiri tena kivuko, kwa kuwa daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa. Kinyama kinachochukuliwa kwenye uvimbe ili kipimwe huwekwa kwenye fomalini, dawa ya kukihifadhi. Kikikaa humo siku nyingi mno, DNA hukatikakatika na kipimo cha MYC hushindikana. Mgonjwa mwenyewe hutibiwa kwa dawa kama saiklofosfamidi, na kasi ya uvimbe hugeuka udhaifu wake, kwa kuwa dawa hizi hushika zaidi seli zinazogawanyika. Shavu linaweza kunywea ndani ya siku chache. Kabla ya dozi ya kwanza mtoto huwekewa maji mengi kwa dripu, maana seli nyingi zikifa kwa mpigo mabaki yake huweza kuziba figo.