Mwanya mdogo wa bafuni ulivyotugombanisha na jirani wa chini

Jumamosi asubuhi, watoto bado wamelala, mlango uligongwa. Alikuwa bibi wa ghorofa ya chini, ndoo mkononi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mwanangu, mkioga ninyi huku juu, na sisi chini tunaoga."

Nilishuka naye. Dari ya chumba anacholala mjukuu wake ilikuwa na doa la rangi ya chai, pana kama sinia, na pembeni ukungu mweusi. Mtoto mwenyewe ana pumu. Godoro lake lilikuwa limevutwa hadi mlangoni.

Tunaishi katika jengo la zamani Kariakoo, si mbali na Mtaa wa Lumumba. Miezi minne kabla tulikarabati bafu: vigae vipya na sinki kubwa la kuogea, lile la kujilaza majini, maana watoto walililia sana. Mwanya kati ya sinki na ukuta fundi aliuziba kwa simenti nyeupe. Ulipendeza kweli, lakini kosa lilikuwa hapo hapo.

Kwa nini simenti hupasuka

Sinki la kuogea halitulii. Likiwa na lita 150 za maji, limebeba kilo 150. Akiingia mtu mzima wa kilo 70, zinakuwa 220. Sinki la plastiki hushuka kidogo kwa uzito huo, na maji yakitoka hupanda tena. Ukuta uko pale pale. Simenti haivutiki, hivyo hupasuka na kuacha ufa mwembamba kama unywele.

Maji yanayoteremka ukutani huingia kwenye ufa huo, hutuama chini ya sinki na kupenya zege taratibu. Yakiachwa muda mrefu hutia kutu nondo, nazo zikivimba hupasua zege. Wewe mwenye bafu huoni kitu. Anayeona ni wa chini.

Kinachofaa kwenye mwanya huo ni silikoni. Ikikauka hubaki kama mpira: inavutika sinki likishuka na kurudi likipanda.

Kwanza jua maji yanapopita

Usikimbilie kuziba. Maji yanaweza kutoka kwenye bomba linaloyaleta, kwenye tundu la kuyatolea, au kwenye mwanya. Tulimwomba bibi awe macho yetu.

Siku ya kwanza hatukuoga kwenye bafu lile, lakini bomba halikufungwa. Doa halikuongezeka, kwa hiyo bomba halikuwa na kosa. Siku ya pili tulijaza sinki bila kulowesha ukuta, kisha tukafungulia maji yote yatoke. Chini kukavu. Siku ya tatu tulimwagia ukuta maji kwa robo saa. Jioni simu ikaita: "Linadondoka, mwanangu!" Mwanya ndio uliokuwa mwizi.

Siku hizo tatu zilipooza ugomvi, maana sasa tulikuwa tunatafuta pamoja.

Namna ya kuziba

1. Kwangua simenti au silikoni yote ya zamani. Silikoni mpya haishiki juu ya ya zamani.

2. Safisha, kisha acha pakauke kabisa, ikiwezekana siku mbili tatu. Futa kwa kitambaa chenye spiriti kuondoa mafuta ya sabuni.

3. Bandika selotepu ya karatasi juu na chini ya mwanya ili mstari unyooke.

4. Jaza sinki maji. Hapa wengi hupakosea. Maji hulishusha sinki na kuupanua mwanya, na silikoni ikaukie katika hali hiyo. Ukiziba likiwa tupu, siku ya kuoga itavutwa na kubanduka.

5. Mimina silikoni kwa mkono mmoja bila kukatiza, lainisha kwa kidole kilicholoweshwa maji ya sabuni, kisha bandua selotepu mara moja.

6. Acha saa 24 kabla ya kufungulia maji yatoke. Nje hukauka mapema, lakini ndani huchelewa.

Mzazi, saa hizo 24 funga mlango wa bafu kwa ufunguo. Mtoto mdogo anaweza kuzama hata kwenye maji ya kina cha sentimeta chache, sembuse sinki lililojaa.

Ukiwa dukani

Kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi Kariakoo silikoni ziko za kila aina, na bei hupatana. Ulizia ya bafuni, yenye dawa ya kuzuia ukungu. Kabla ya kulipa soma tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye chupa, kwa sababu iliyopitwa na wakati inaweza kubaki inanata bila kukauka. Chupa moja ya mililita 300 inatosha sinki moja lenye mwanya wa milimita 6. Mwanya ukiwa mpana zaidi, tanguliza kamba ya sponji ndani, kisha silikoni juu yake.

Nyingine hunuka siki zikiwa mbichi. Fungua dirisha, na mwenye pumu asikae karibu hadi harufu iishe.

Ukungu ukirudi baadaye, sugua kwa jiki iliyochanganywa na maji, dirisha likiwa wazi. Usichanganye jiki na siki wala na dawa ya kusafishia choo, maana hutoa hewa yenye sumu.

Tulirudia kazi ile wenyewe kwa siku moja. Tukasubiri wiki mbili dari ya bibi ikauke, tukaondoa ukungu na kuipaka rangi kwa gharama zetu. Godoro la mjukuu lilirudi mahali pake. Siku hizi tukikutana ngazini bibi huniuliza, "Mnaoga kweli huko juu? Mbona siku hizi siwasikii?"