Kamera Zinazoingia Katika Mionzi ya Mshtarii

Kihisi cha picha ni kipande chembamba cha silikoni kilichogawanywa katika vijisehemu vidogo viitwavyo pikseli, ambavyo kila kimoja hugeuza mwanga unaokiangukia kuwa elektroni. Katika aina iliyobuniwa mwaka 1969 na Willard Boyle na George Smith katika maabara ya Bell nchini Marekani, inayojulikana kwa herufi CCD, elektroni hizo hazihesabiwi pale zilipozaliwa, bali husogezwa safu kwa safu hadi ukingoni, na mpangilio huo uliowapa wanafalaki picha safi kwa miongo kadhaa ndio huohuo unaoifanya CCD kuwa dhaifu mbele ya mionzi.

Mionzi inayohusika hapa ni chembe zenye kasi kubwa, hasa protoni na elektroni, zitokazo kwenye Jua au zilizonaswa na usumaku wa sayari. Protoni ikigonga atomu ya silikoni huweza kuing'oa mahali pake na kuacha pengo, nalo pengo hunasa elektroni zinazopita na kuziachia zikiwa zimechelewa, hivyo nyota iliyopaswa kuonekana kama nukta huburuta mkia. Ikiwa kila hatua itabakiza nyuma elektroni moja tu katika 10,000, baada ya hatua 2,000 karibu asilimia 18 ya elektroni zitakuwa hazijafika kwa wakati.

Darubini ya eksirei Chandra, iliyorushwa Julai 1999, iliyaonja hayo mapema, kwani vioo vyake vilikusanya pia protoni za nguvu ndogo kila chombo kilipopita katika mikanda ya mionzi inayoizunguka Dunia, na muda si mrefu baadhi ya CCD zake zikaharibika. Dawa ilikuwa rahisi mno: kamera huondolewa kwenye kitovu cha vioo kabla ya kila mpito.

Chombo kinachokwenda Mshtarii hakina nafuu kama hiyo. Ndiyo maana kamera JANUS ya chombo JUICE, kilichorushwa na Shirika la Anga la Ulaya Aprili 2023, imepewa kihisi cha aina ya CMOS, ambacho kila pikseli yake ina transista zake za kupimia elektroni papo hapo, na safari ile ndefu ikaondolewa kabisa. Hata hivyo CMOS nayo haikusalimika, kwa sababu mionzi huacha chaji katika tabaka za oksidi zinazotenganisha sehemu zake, na atomu zilizohama huzalisha elektroni hata gizani, zikatokea nukta nyeupe pasipo nyota. Kihisi hupoozwa ili kupunguza kasoro hiyo, na kabla ya safari sampuli zake hupigwa protoni maabarani, pengine zikiwa kwenye baridi ya kazini, maana silikoni ikipata joto hujiponya kidogo na kumdanganya mpimaji.

Kujiponya huko kuna faida pia. Kamera ya chombo Juno, iliyokaa nje ya sanduku la titani linalokinga mitambo mingine, ilipoanza kutoa picha mbovu baada ya miaka mingi kwenye Mshtarii, wahandisi waliipasha joto kwa makusudi, nayo ikarejewa na uwezo wa kuupiga picha mwezi Io tarehe 30 Desemba 2023, kutoka umbali wa kilomita 1,500 hivi. Mtuhumiwa mkuu hakuwa kihisi chenyewe bali kidhibiti volteji katika ugavi wake wa umeme, kifaa ambacho mijadala kuhusu vihisi hukisahau kwa urahisi.