WAZAMIAJI WA HITLER: Picha bomba, lakini waliozamishwa wako wapi?

Mjini hapa ukitamka neno nyambizi, nusu ya vijana watakuimbia wimbo wa Dully Sykes na nusu nyingine watacheka tu. Leo naomba mnivumilie, washikaji. Nyambizi ninayoizungumzia ni ile ya chuma, inayotembea chini ya bahari, na ndani yake wamo vijana wa rika langu na lako wakingoja kuua au kufa.

Kitabu chenyewe kinaitwa U-Boat War. Kimeandikwa na Mjerumani, Lothar-Günther Buchheim, na kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1976, kisha kwa Kiingereza mwaka 1978. Nilikipata kwa wauza vitabu vya mtumba, kikiwa kikubwa na kizito kama tofali, kimejaa picha nyeusi na nyeupe. Usiogope lugha. Kiingereza cha kidato cha nne kinatosha kabisa, maana kazi kubwa humu inafanywa na picha.

Huyu Buchheim hakuwa mtu wa kukaa ofisini akihadithiwa. Mwaka 1941 alikuwa na miaka 23, mwandishi wa vita katika jeshi la majini la Hitler, akapandishwa kwenye nyambizi iitwayo U-96 huko Saint-Nazaire, Ufaransa, ambako Wajerumani walikuwa wameshajimilikisha bandari. Kapteni wake aliitwa Heinrich Lehmann-Willenbrock. Jamaa akaenda na kamera yake. Katika safari zake za vita alipiga picha zaidi ya 5,000. Waliowahi kuangalia sinema ya Das Boot ya mwaka 1981 watanielewa haraka, kwani ilitokana na riwaya aliyoiandika mtu huyu huyu mwaka 1973 kuhusu safari hiyo hiyo. Sinema ile ni kali, sikatai. Lakini mle wote ni waigizaji, jioni wanarudi hotelini kuoga. Humu hakuna kuoga.

Na hapo ndipo kitabu kinapokushika shati. Nyambizi za aina ya U-96 zilikuwa na urefu wa mita 67 hivi, zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira. Ukisikia hivyo unadhani kuna nafasi. Wapi! Sehemu wanayoishi watu haikufika mita tano kwa upana, na humo humo zimo injini za dizeli, betri, mabomba, topido na watu wapatao 50. Wengi wao walilala kwa zamu kwenye dabodeka moja: wewe ukiamka kwenda kazini, mwenzako anajitupa pale pale penye joto lako. Maji baridi yalikuwa ya kunywa na kupikia, kwa hiyo hakuna kunyoa wala kufua. Mkate ukikaa wiki kadhaa unaota ukungu mweupe, na wanakula hivyo hivyo kwa kukata sehemu ya ndani.

Choo je? Najua wapo mnaotaka kujua. Viliwekwa viwili, lakini safari inapoanza kimoja kilijazwa chakula. Na ukishuka chini sana, msukumo wa maji ya nje haukuruhusu kukitumia hata hicho kimoja. Baadaye wakabuni choo cha kisasa cha kutumika kina kirefu, kikaja na balaa lake. Aprili 14, 1945, nyambizi U-1206 ilikuwa karibu na pwani ya Scotland, choo kikatumiwa vibaya, maji ya bahari yakaingia mpaka kwenye betri, gesi ya sumu ikafuka. Wakalazimika kuibuka juu, ndege za adui zikawaona, wakaiacha meli yao izame. Choo kimeshinda manowari! Hii haimo katika safari ya Buchheim, nimewapenyezea tu.

Turudi kwenye picha. Zinazoua ni za sura. Mwanzoni mwa safari wapo vijana wamenyoa, mashavu ya kitoto, wengine unaona kabisa kwamba ndevu bado hazijaota vizuri. Wiki kadhaa baadaye ni madevu, macho yameingia ndani, mdomo wazi, wanasikiliza juu kama panya anayemsikiliza paka. Juu kuna manowari za Waingereza zinazoangusha mabomu ya kulipukia chini ya maji. Huwezi kukimbia wala kupiga kelele. Kelele yenyewe inaweza kukuua.

Sasa hesabu. Ujerumani ilipeleka kwenye nyambizi watu wapatao 40,000, na karibu 30,000 hawakurudi. Katika watu wanne, watatu wamekwenda. Mwezi Mei 1943 peke yake zilipotea nyambizi 41. Mmoja wa waliokufa mwezi huo, ndani ya U-954, alikuwa Peter, mtoto wa kumzaa wa Karl Dönitz, mkuu wa jeshi la majini aliyekuwa akiwatuma wote hao. Mzee akaziondoa nyambizi Atlantiki ya kaskazini kwa muda, kisha akaendelea kupeleka watoto wa wenzake mpaka 1945.

Buchheim analijua hilo na maneno yake ya 1976 yana hasira kweli. Ila hapa mimi na yeye tunatofautiana kidogo. Mwaka 1943, vita ikiwa moto, mtu huyu huyu alitoa kitabu kingine, Jäger im Weltmeer, yaani Wawindaji wa Bahari Kuu, cha kusifia nyambizi hizo hizo. Kazi yake jeshini ilikuwa propaganda, alitumwa apige picha za kuwavutia vijana wengine waje. Ndiyo maana hata leo, ukifungua kitabu cha hasira, baadhi ya picha bado zinakutongoza. Yule kapteni darajani, kofia upande, mawimbi yanamwagika nyuma yake... kijana wa kijiweni akiiona anaweza kutamani kuzamia naye safari hiyo hiyo. Maneno yanasema usiende, picha inasema njoo.

Kosa kubwa zaidi ni wasiokuwemo. Katika safari ile U-96 ilizamisha meli ya mizigo ya Kiholanzi, Bennekom, Oktoba 31, 1941. Sikuona sura ya hata baharia mmoja wa Bennekom. Kamera ilikaa upande wa anayefyatua.

Na msidhani hayo ni ya Wazungu wenyewe kwa wenyewe. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo, imebeba watu zaidi ya 1,500. Humo walikuwemo askari wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi wanawake. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Japani, I-27, iliipiga topido. Meli ilizama kwa dakika mbili hivi. Kisha manowari za Uingereza zilipoisaka nyambizi, zikaangusha mabomu pale pale walipokuwa wakiogelea walionusurika. Walikufa watu 1,297. Wazee wetu wale hawakuwa na Buchheim wao wa kuwapiga picha wakicheza karata kabla ya topido, na I-27 nayo ilizamishwa siku hiyo hiyo.

Je, ukinunue? Nunua, tena bila kusita, bei ya mtumba inapatanika. Kwa maisha ya ndani ya nyambizi sijaona kitabu cha picha kinachokifikia. Insha ya mwanahistoria Michael Salewski inaweza kusubiri, ni nzito. Anza na sura zile za madevu, halafu rudi nyuma uwatafute hao hao siku ya kuondoka.